Nani Aimbe Kwanza? Mauaji ya Mwanza na Shinyanga Yakipandishwa Jukwaani



Mshike Mtanzania yeyote anayefuatilia siasa, mwambie akutajie kiongozi aliyejiuzulu kwa heshima. Hatafikiri sana. Atakutajia Ali Hassan Mwinyi. Januari 1977, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, Mwinyi alimwandikia Rais Nyerere barua ya kuacha uwaziri kwa sababu ya vitendo ambavyo hakuvitenda kwa mkono wake. Nyerere akaikubali. Mwinyi akaenda Misri kuwa balozi, akarudi, na mwaka 1985 akaapishwa kuwa Rais. Waziri Mkuu Edward Lowassa alipoachia ngazi Februari 2008 kwa ajili ya kashfa ya mkataba wa umeme wa Richmond, watu waliifukua barua ya 1977 wakaanza kuwapima viongozi hao wawili. Mwinyi alipofariki tarehe 29 Februari 2024, barua ikafukuliwa tena.

Basi mwulize mtu huyohuyo swali la pili. Hayo yaliyomfanya waziri aandike barua yalitokea wapi? Nani alikufa? Alikuwa amekamatwa kwa kosa gani? Hapo mazungumzo yanakatika. Mwenye kujua kidogo atasema, "Mambo ya Shinyanga yale," kisha atarudi haraka kwenye uungwana wa Mzee Mwinyi.

Yalitokea Shinyanga, ndiyo, na yalitokea hapa Mwanza. Nimeombwa nizungumzie mchezo wa jukwaani wa nyimbo unaojengwa juu ya kashfa ya kweli ya kisiasa, na ningeweza kuwaletea mifano ya London, nikapigiwa makofi, nikaondoka salama. Mifano hiyo nitaigusa. Lakini siwezi kusimama mbele ya watu wa Mwanza nikawazungumzia mawaziri wa Kiingereza wakati kashfa kubwa kuliko zote za miaka ya Mwalimu Nyerere ilipitia kwenye vituo vya polisi vya mikoa yetu. Nina neno moja la kuwaambia. Kashfa hii inastahili jukwaa, ngoma na kwaya. Na siku itakapopandishwa, wa kwanza kuimba asiwe waziri.

Tuanze na yaliyotokea.

Miaka ya mwanzo ya 1970 Usukuma ilikuwa na vifo vya aina yake. Vikongwe, wengi wao wanawake, walikuwa wakikatwa mapanga usiku kwa kutuhumiwa uchawi. Mtoto ameharisha akafa, ng'ombe wamekauka maziwa, baba mwenye nguvu zake ameanguka shambani. Familia inakwenda kwa mganga, kuku anachinjwa na kusomwa, na mgonjwa au mfiwa anarudi nyumbani na jina, au na maelezo yanayoelekea kwenye jina. Kisha wanatafutwa vijana wa kazi, wanalipwa. Macho mekundu yalihesabiwa kuwa ushahidi tosha, ingawa kila aliyepikia kinyesi cha ng'ombe kikavu miaka nenda miaka rudi, kwenye nyanda zisizo na kuni, anajua wekundu ule unatoka wapi.

Juu ya hayo ikaja Operesheni Vijiji ya mwaka 1974. Kaya za Kisukuma zilizozoea kutengana, kila mji na mashamba yake na malisho yake, zikapangwa mstari mmoja katika kijiji kipya. Jirani uliyekuwa ukimwona siku ya gulio, sasa unamsikia akikohoa usiku. Simeon Mesaki, msomi wetu aliyechunguza mauaji ya wanaodaiwa kuwa wachawi katika Usukuma kuliko karibu mtu yeyote, alilitazama jambo hili kwa makini, na mimi naamini mtunzi wa jukwaa asilipite. Hofu ya uchawi inahitaji ujirani, na serikali ilikuwa imeuleta ujirani kwa malori.

Serikali hiyohiyo ikaamua kukomesha mauaji. Polisi na Usalama wa Taifa wakaingia kazini, wakakamata watu wengi waliotuhumiwa kuua au kuagiza mauaji. Mwaka 1976 upelelezi ukageuka mateso. Watu wakafia mikononi mwa dola. Habari zikavuja, zikafika Dar es Salaam, na zilipothibitika, Mwinyi akajiuzulu. Pamoja naye akaondoka Peter Siyovelwa, waziri wa nchi aliyehusika na usalama, na wakuu wa mikoa hii yetu miwili. Baadhi ya maofisa wakafikishwa mahakamani, wakatiwa hatiani. Kwa nchi ya chama kimoja, katika Afrika ya miaka ile, hilo halikuwa jambo dogo, wala sitaki mtu atoke humu akisema kwamba nimelidharau.

Lakini litazameni kwa jicho la mtunzi. Kashfa hii ina vifo vya aina mbili. Kuna kikongwe aliyekatwa panga na watu wa kijijini kwake, na kuna mwanakijiji aliyefia mahabusu akitakiwa akiri kifo cha kikongwe. Kifo cha pili kilifunika cha kwanza, maana dola ikishaua, habari inakuwa ya dola. Kisha barua ikafunika vyote viwili, kwa sababu barua ni safi, ina tarehe, ina sahihi, na mwandishi wake alikuja kuwa Rais wa nchi. Kitabu cha kumbukumbu za maisha ya Mzee Mwinyi kilizinduliwa Mei 2021. Amepata kurasa zake, na ni haki yake. Wale wengine hawana kitabu. Tumeifanya barua kuwa kisa chenyewe, na waliokufa tumewafanya kuwa sababu ya barua.

Mahakama haikuweza kulirekebisha hilo. Kazi ya mahakama ni mshtakiwa: alifanya au hakufanya, kwa kusudi au bila kusudi. Magazeti nayo yana kazi yao, na siku ya kujiuzulu waziri kila mhariri duniani anajua kichwa cha habari kitakuwa kipi. Jukwaa la nyimbo ndilo linaloweza kufanya jambo ambalo hati ya mashtaka haiwezi: kuwapa watu watatu wasiokubaliana nafasi ya kuimba kwa pamoja, kila mmoja maneno yake, na masikio ya msikilizaji yakawapokea wote watatu. Watu watatu wakisema kwa mpigo mmoja ni kelele. Wakiimba kwa mpigo mmoja, na mtunzi akajua kazi yake, ni hoja.

Sasa niguse London, nipite. Mwaka 1963 John Profumo, Waziri wa Vita wa Uingereza, alijiuzulu baada ya kulidanganya Bunge kuhusu uhusiano wake na msichana aitwaye Christine Keeler. Aliyewakutanisha alikuwa Stephen Ward, tabibu wa viungo mwenye marafiki wakubwa. Kashfa ilipolipuka marafiki wakayeyuka, Ward akashtakiwa, na kabla kesi haijaisha akameza dawa akafa. Profumo yeye alijitolea miaka mingi kwenye kazi za hisani mashariki mwa London, na mwaka 1975 akapewa nishani. Desemba 2013 Andrew Lloyd Webber, mtunzi yuleyule wa Evita, alipandisha katika ukumbi wa Aldwych mchezo wa nyimbo alioupa jina la huyo tabibu, siyo la waziri. Uamuzi ule naupenda. Alimwendea aliyetupwa, akamwachia waziri nafasi ya pembeni.

Mchezo ulifungwa Machi 2014, kabla ya kutimiza miezi minne. Wakosoaji walitoa sababu zao. Mimi nina yangu. Miaka 50 ilikuwa imepita, hasira imekauka, na ukumbi ulijaa watu ambao kwao Profumo ni jina la kwenye historia ya shule. Kumbadilisha mhusika mkuu hakutoshi. Lazima mtu aliyekaa kwenye kiti aone kwamba shauri bado liko wazi, na kwamba yeye ni mmoja wa wanaopaswa kuliamua. Kwetu, bahati mbaya, shauri liko wazi mno. Vikongwe waliendelea kuuawa Kanda ya Ziwa miaka mingi baada ya barua ile, kwa maelfu, na hakuna aliye humu ndani asiyejua habari ya namna hiyo kutoka kijiji fulani.

Tuna mfano wa karibu zaidi kuliko London, ng'ambo ya maji haya haya. Mganda Byron Kawadwa aliandika kwa Kiganda mchezo wa nyimbo uitwao Oluyimba lwa Wankoko, yaani Wimbo wa Wankoko, na muziki wake ukatungwa na Wassanyi Serukenya. Kisa chake ni cha ufalme ambamo mtu asiyestahili anajipenyeza hadi kukinyakua kiti. Mtazamaji wa Kampala hakuhitaji kuelezwa. Mei 1966 majeshi ya Milton Obote, yakiongozwa na Idi Amin, yalikuwa yameishambulia ikulu ya Kabaka pale Mengo. Mutesa wa Pili akakimbilia London na akafia huko mwaka 1969. Hapo palikuwa na kashfa, palikuwa na msiba, na Kawadwa akavipa vyote viwili vazi la ngano na sauti za kwaya.

Ujanja wa ngano ni kwamba haina anuani. Amin alipompindua Obote mwaka 1971, mchezo ule ungeweza kutazamwa kama kejeli dhidi ya aliyeondoka. Lakini vazi lililoshonwa kwa mnyakuzi mmoja liliwaenea na wengine. Mapema mwaka 1977 Kawadwa, wakati huo akiwa kiongozi wa ukumbi wa michezo wa taifa, aliupeleka mchezo wake Lagos kwenye tamasha kubwa la sanaa za Waafrika, FESTAC. Muda mfupi baada ya kurudi nyumbani alichukuliwa na watu wa Amin, akauawa.

Niwekeeni tarehe hizo kando ya zetu. Januari 1977, Mwinyi anajiuzulu. Tarehe 5 Februari, vyama vya TANU na Afro-Shirazi vinaungana na CCM inazaliwa. Mwezi huohuo Tanzania inafunga mpaka wake na Kenya, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inakata roho. Tarehe 16, Askofu Mkuu Janani Luwum anauawa Kampala. Na Kawadwa anauawa. Oktoba ya mwaka huo, kule Kamiriithu nchini Kenya, wanakijiji wanapandisha Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, mchezo uliojaa nyimbo. Novemba kibali kinafutwa, na mwaka haujaisha Ngũgĩ wa Thiong'o yuko kizuizini. Nchi tatu zilizoligawana ziwa hili zilitoa majibu tofauti ndani ya miezi kumi na miwili. Kampala iliua mtunzi. Nairobi ilimfunga mtunzi. Sisi hatukuua wala kufunga mtunzi kwa ajili ya mauaji ya Mwanza, kwa sababu hakuna aliyeyapandisha jukwaani. Nililiona hilo kuwa sifa yetu kwa muda mrefu. Siku hizi sina hakika.

Hatukukosa watunzi. Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, Ukerewe, mtu wa ziwani kabisa. Aliandika Kaptula la Marx, tamthilia ya kumcheka Rais anayelazimisha kuvaa kaptula isiyomwenea, na mswada wake ukakaa miaka mingi ukipita mkono kwa mkono hadi ulipochapishwa kitabu mwaka 1999. Penina Muhando, Amandina Lihamba na Ndyanao Balisidya walikwisha kuonyesha katika Harakati za Ukombozi kwamba historia ya nchi inaweza kubebwa na igizo, ngoma na wimbo kwa wakati mmoja. Sanaa tulikuwa nayo. Lakini ilipofika kwa polisi na mahabusu, kalamu zilipungua.

Na tusidanganyane kwamba igizo la nyimbo ni kitu cha wageni ambacho Mwanza itabidi ifundishwe. Wazee mliokuja leo mnakumbuka miaka ya 1990, vikundi vya sanaa, TOT ya Kapteni John Komba na Muungano ya Norbert Chenga, vilipogombea watazamaji. Kiingilio kimoja kilikupa kwaya, ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo, taarabu, na mipasho ya kukufanya uinuke kitini. TOT ilianzishwa mwaka 1992, mwaka ule ule vyama vingi viliporudi, na ilikuwa ya chama tawala. Chama kilielewa mapema kuliko wapinzani wake, na kuliko sisi walimu wa fasihi, kwamba siasa ikiimbwa inakaa kichwani.

Kabla ya hao wote walikuwepo Bagika na Bagalu. Vijana wa mjini wanaowajua kwa jina tu, nawaomba radhi wazee, nieleze kidogo. Hivi ni vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, ambavyo asili yake inapelekwa kwa mahasimu wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliokuwa mabingwa wa ngoma na wa dawa. Baada ya mavuno, makundi ya pande mbili yanakutana uwanjani. Hawapokezani. Wanacheza kwa wakati mmoja, kila kundi upande wake, kila manju na nyimbo zake mpya, na watu wako huru kwenda wanakovutwa. Upande uliokusanya watu wengi ndio ulioshinda. Ndiyo maana nyoka waliingia uwanjani, ndiyo maana vinyago na sanamu viliingia, ndiyo maana wacheza bugobogobo wanarusha majembe hewani. Kila kitu kinafanywa ili mtu aondoke kule aje huku. Tamasha la Bulabo pale Bujora, alikoweka mizizi Padri David Clement na makumbusho yake ya Wasukuma, limeendeleza utaratibu huo, na mwenye nafasi akalitazame kwa macho ya mwongozaji, asilitazame kwa macho ya mtalii.

Hamwoni kwamba huo tayari ni muundo wa kisa chetu? London inampa mtazamaji kiti na kumwambia atulie gizani. Usukuma inamwacha asimame, atembee, achague, na uchaguzi wake unaonekana na wenzake. Kwa kisa cha kashfa sijui umbo lililo bora kuliko hilo.

Nitawaeleza ninavyouona mchezo, na wenye uwezo zaidi waubomoe.

Uwe uwanjani, si ukumbini. Upande mmoja ni ofisi: meza, simu, mashine za kupigia chapa, makarani. Muziki wao unatokana na mashine zenyewe, mpigo mkavu, na juu yake kwaya ya sauti nne, iliyonyooka kama kwaya za makanisa yetu zinavyojua kunyooka. Humo wamo wakuu wa mkoa, wamo wapelelezi wanaodaiwa majibu kutoka juu, yumo waziri aliye mbali Dar es Salaam anayesomewa taarifa kwamba hali inadhibitiwa. Mpelelezi nisingempa kwaya. Ningempa mtindo wa kufokafoka. Mji uliomtoa rapa Fid Q hauwezi kukosa kijana wa kuandika mahojiano ya usiku kwa vina, swali juu ya swali, hadi lugha yenyewe ianze kupiga.

Upande wa pili ni kijiji: majembe, ngoma kubwa, manju na waitikiaji wake, Kisukuma na Kiswahili vikichanganyika jinsi vinavyochanganyika sokoni. Humo wamo waliokamatwa, wake zao wanaopeleka chakula kituoni na kurudishwa nacho, watoto. Humo humo, na hapa ndipo pagumu, wamo wauaji. Mtunzi akiwafanya mahabusu wote kuwa malaika atakuwa ameandika uongo wa pili kufidia wa kwanza. Baadhi yao bila shaka hawakujua lolote. Wengine walimlipa mtu amkate mama wa jirani. Mchezo lazima uimbe mambo mawili ambayo hayapendi kukaa pamoja: kwamba muuaji wa kikongwe alistahili kushtakiwa, na kwamba hakuna askari aliyekuwa na haki ya kumtesa hata huyo.

Pande hizo mbili zianze kushindana, na watazamaji waende watakako. Najua watakakokwenda. Wataanzia kijijini kwa sababu ngoma ni tamu. Barua ikifika watahamia ofisini, maana wimbo wa barua utakuwa mzuri. Mtunzi asiibie hapo, aupe uzuri wake wote. Mtu anayeacha cheo kwa makosa ya walio chini yake ni jambo la kuimbwa, na mwigizaji wa waziri apewe wimbo mmoja, mmoja tu, ulio kamili.

Lakini katikati ya uwanja, pale palipoachwa wazi baina ya makundi mawili, wanakaa wanawake watatu wazee. Wamekuwepo tangu watu walipoanza kuingia. Ndio walioimba kwanza, kabla ya ngoma na kabla ya mashine, wakati watu bado wanaitana na kutafuta pa kusimama. Wala wasilie. Nisingependa waombolezaji. Wapepete, wasutane, wadaiane, wasimulie ya ujana wao. Mmoja ni mtani mkubwa, mmoja mchoyo wa kutisha, mmoja ana wimbo wa palizi anaoukosea makusudi kuwachokoza wenzake. Kila mara makundi yanapohama, watu wanapita juu ya pale walipokaa. Na kila baada ya mhamo, idadi yao inapungua kwa mmoja, na wimbo wao unabaki na pengo la sauti hiyo. Mtazamaji aliyekuwa akikimbilia utamu hatajua ni lini hasa sauti ya tatu ilikatika, na mwongozaji asimsaidie kujua.

Mnaniuliza kwa nini waanze wao. Kwa sababu operesheni yote ilifanywa kwa jina lao. Dola ilisema inawalinda. Waliokamatwa waliulizwa habari zao. Mawaziri waliondoka kwa vurugu iliyoanzia kwenye vifo vyao. Ukianza na waziri, hawa watakuja mwishoni kama maelezo ya chini ya ukurasa. Ukianza na mahabusu, watakuja kama tuhuma. Wakianza wenyewe, kila kinachofuata kitapimwa kwao.

Najua kuna anayefikiria kibali. Afikirie, ni haki. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni Namba 4 ya mwaka 1976. Ndiyo, mwaka uleule. Bunge lilipitisha utaratibu wa mswada wa mchezo kukaguliwa kabla ya kuonyeshwa mwaka uleule ambao watu walikuwa wakifa mahabusu huku kwetu, na sidai kwamba mambo hayo mawili yana uhusiano zaidi ya kalenda. Tangu mwaka 1984 tuna Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, pia. Mwishoni mwa mwaka 2018 BASATA iliufungia wimbo wa Rayvanny na Diamond ulioitwa kwa jina la mji wetu, Mwanza, kwa matusi. Desemba wakauimba hapahapa Mwanza mbele ya umati, na wasanii wenyewe wakafungiwa kwa muda. Kwa hiyo tunajua mpaka uko wapi kwenye mambo ya kitandani. Kwenye mambo ya kituo cha polisi hatujui, kwa kuwa hakuna aliyeusogelea kwa igizo la ukubwa huu. Mwaka 2017 mwanamuziki Nay wa Mitego alikamatwa kwa wimbo wake Wapo, kisha Rais Magufuli akaagiza aachiwe na wimbo upigwe. Watu walishangilia. Mimi sikushangilia sana. Wimbo unaoruhusiwa kwa kuwa Rais ameupenda unaweza kukatazwa asubuhi atakayoamka hajaupenda.

Kuna jambo jingine linalonikera kuliko kibali. Mwaka 2004 Hubert Sauper, raia wa Austria, alitoa filamu yake kuhusu sangara na Mwanza, Darwin's Nightmare. Ikashindania Oscar. Mwaka 2006 Rais Kikwete akaishutumu hadharani, na hapa mjini watu wakaandamana kuipinga. Mengi waliyoyalalamikia yalikuwa na msingi. Filamu ile iliuonyesha mji huu kana kwamba hauna mtu anayecheka. Lakini baada ya maandamano tulijibu nini? Hatukupandisha chochote. Chuo cha Ualimu Butimba kimetoa walimu wa muziki na sanaa kwa miaka mingi, kikiwa jirani na gereza la jina hilohilo. Nyegezi kuna chuo kikuu kinachofundisha uandishi wa habari. Watu wapo. Asiyejisimulia asilalamike sana akisimuliwa vibaya.

Nimalizie na majina, maana vijana wa Butimba niliozungumza nao walitaka kujua: watumie majina ya kweli, au wafanye kama Kawadwa, wavae ngano?

Waziri abaki na jina lake. Ni mtu wa historia, alichofanya kilifanyika hadharani, na kumbadilisha jina ni kumfanya mtazamaji apoteze muda kubahatisha. Siyovelwa hali kadhalika. Maofisa waliotiwa hatiani ningewaacha kwenye vyeo vyao, ofisa na askari. Wana watoto na wajukuu ambao hawakumpiga mtu, na kisa kinahusu mfumo ulioruhusu kipigo kuitwa upelelezi.

Waliokufa ndio kazi. Majina ya mahabusu yanaweza kutafutwa kwenye majalada ya mahakama. Majina ya vikongwe hayako mahali pamoja. Yako Magu, Kwimba, Misungwi, Maswa, Kahama, kwenye familia ambazo baadhi zingali zinaishi ukuta kwa ukuta na familia za waliowaua. Usiende huko na kamera wala na kinasa sauti siku ya kwanza. Nenda na mtu wa ukoo au wa mtaa huo, jitambulishe, sema unachotaka kufanya, na uwe tayari kuambiwa hapana. Pengine watakupa jina la mama yao liimbwe. Pengine watakupa wimbo aliokuwa akiimba wakakataza jina. Pengine watakuomba uuache msiba wao ulipo, na hapo utaandika kikongwe mwingine wa kubuni, bila kuchukua hata kovu moja la yule wa kweli. Kibali cha familia kitafutwe kwanza, kabla mswada haujapelekwa kwenye bodi ya ukaguzi, na kikikosekana katika mji mmoja mchezo usionyeshwe katika mji huo hata kama bodi imegonga muhuri.

Wenye maswali wanyooshe mikono. Nitaanza na yule mama aliyevaa kitenge cha kijani, amekuwa akitikisa kichwa tangu nilipotaja bugobogobo.